Barua Iliyosubiri Miezi 43

ALIYEBAKI: Mbukwenyi, wasikilizaji wetu popote mlipo. Leo tunazungumzia walimu wanaoacha kazi, jambo ambalo katika vyumba vya walimu husemwa kwa sauti ya chini, hasa mkuu wa shule akiwa karibu. Mimi bado nafundisha Historia na Kiswahili katika sekondari moja wilayani Chamwino, na mwenzangu aliacha shule ya msingi wilayani Bahi mwaka 2022. Mwalimu, karibu.

ALIYEONDOKA: Asante, dada. Nakushukuru kwa kuniita mwalimu, ingawa jina hilo kwangu halina tena cheki namba, ile namba ya mtumishi kwenye orodha ya mishahara ya serikali.

ALIYEBAKI: Tuanze na siku ulipoamua.

ALIYEONDOKA: Ziko siku mbili, ya kuandika barua na ya kuondoka kweli mwaka 2022, na ningependa wasikilizaji wasizichanganye. Siku ya kwanza ilikuwa mwishoni mwa 2018. Nilikuwa nimetoka kusahihisha madaftari ya darasa lililojaa hadi watoto wengine wakakaa chini, kwa sababu tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 uandikishaji ulipanda kuliko vyumba na walimu, na jioni hiyo nikamkuta kijana niliyemfundisha darasa la tano akishuka kwenye gari la wizara. Aliniamkia kwa heshima zote. Mimi nikarudi nyumbani nikaandika barua ya kuacha kazi kwa hasira, tena kwa kalamu nyekundu, maana ndiyo iliyokuwa mfukoni.

ALIYEBAKI: Kalamu nyekundu kwa mkurugenzi wa halmashauri!

ALIYEONDOKA: Haikufika kwake. Barua ya namna hiyo hupitia kwa mwalimu mkuu, na wangu alikuwa mzee aliyesoma Chuo cha Ualimu Mpwapwa, mtu wa mahesabu. Aliisoma, akaikunja, akaniuliza nimechangia mfuko wa pensheni miezi mingapi. Sikujua. Tukahesabu pamoja pale mezani tangu Julai 2007, ikatoka miezi 137. Akaniambia, "Ukifikisha 180 uje uichukue."

ALIYEBAKI: Hapo tusipite haraka, kwa sababu hata mimi nilikuwa mwalimu wa miaka kadhaa kabla sijaielewa namba hiyo.

ALIYEONDOKA: Sisi tulikuwa PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma. Agosti 2018 mfuko huo uliunganishwa na mifuko mingine ya pensheni, LAPF, GEPF na PPF, ukawa mfuko mmoja, PSSSF, ambako mtumishi anakatwa asilimia 5 ya mshahara na mwajiri anachangia asilimia 15. Ili uwe na haki ya pensheni ya uzeeni, uwe umechangia si chini ya miezi 180, yaani miaka 15. Walimu wengi wa rika langu walikuwa bado wanaishi na wazo la zamani kwamba ukiacha kazi unakwenda kuchukua michango yako yote na kununulia bajaji, kumbe mlango huo ulikuwa umeshafungwa. Lipo fao la kukosa ajira, lakini halikuwekwa kwa ajili ya mtu aliyeandika barua ya kuacha kwa hiari yake. Kwa hiyo ningeondoka na miezi yangu 137, ningekuwa nimeondoka mikono mitupu, na michango ingebaki kule ikinisubiri nizeeke.

ALIYEBAKI: Na sasa uliyefikisha 180, unalipwa?

ALIYEONDOKA: Hapana, dada. Nitasubiri hadi umri wa kustaafu kwa hiari, miaka 55. Tofauti ni kwamba ninacho cha kusubiri.

ALIYEBAKI: Watu hupenda kumtaja Mwalimu Nyerere, kwamba naye aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955 alipotakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa.

ALIYEONDOKA: Wanapenda sana, lakini huyo alikuwa anakwenda kuitafutia nchi uhuru, mimi nilikuwa nakwenda kulima zabibu nusu ekari.

ALIYEBAKI: Haya, tuje kwenye zabibu. Ile miezi 43 iliyobaki kufikia 180 ulifanya nini?

ALIYEONDOKA: Nilipanda kando ya Hombolo, nikienda Jumamosi na wakati wa likizo. Zabibu huchukua kama mwaka mmoja na nusu hadi miwili kabla hujavuna cha kueleweka, na kabla ya hapo unanunua nguzo, waya na mabomba ya matone. Mshahara ndio uliozilea. Mvuno wa kwanza niliukosa kwa ujinga wangu: sikupuliza salfa kwa wakati, asubuhi moja nikakuta vichala vimefunikwa unga wa kijivu. Nikagusa, ukabaki kwenye vidole kama vumbi la chaki. Mzee wa shamba la jirani akaniambia huo ni ubwiri unga, na kwamba ameshaona walimu wengi wakilima kwa kusoma vipeperushi. Nikiwa na mshahara, niliumia. Bila mshahara ningeuza shamba.

ALIYEBAKI: Tueleze kuhusu fedha, maana wasikilizaji wetu wanajua kuwa zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka.

ALIYEONDOKA: Ndilo jambo lililonitesa kuliko yote, na hakuna aliyenionya. Mwalimu analalamika kuwa mshahara ni mdogo, na ni kweli, lakini una tarehe. Ikifika ishirini na kitu ya mwezi, simu inalia. Shambani mwezi hauna tarehe. Msimu wangu wa pili baada ya kuacha kazi, kiwanda kimoja kilisimamisha kupokea zabibu kwa maelezo kwamba matangi yamejaa, nasi tukiwa tumeshavuna. Tulikamua, tukahifadhi mchuzi wa zabibu kwenye matangi ya kukodi, tukauza baada ya miezi kadhaa kwa bei ya mnunuzi. Wakati huo dukani nilikuwa nakopa sukari kwa mtu ambaye mwanawe nilimfundisha kuhesabu.

ALIYEBAKI: Na mikopo ya benki?

ALIYEONDOKA: Nilihakikisha nimemaliza kabla sijaondoka. Mwalimu ambaye mshahara wake umeshakatwa hadi ikabaki ile theluthi moja isiyoruhusiwa kukatwa, akiacha kazi, mkopo haufi. Makato ndiyo yanayokufa, na benki inamfuata yeye.

ALIYEBAKI: Mimi nafikiria njia nyingine. Nimesoma shahada ya maendeleo ya jamii hapa Chuo Kikuu cha Dodoma kwa ruhusa ya mwajiri, nataka kubadilisha kada, yaani aina ya kazi, nibaki katika utumishi wa umma.

ALIYEONDOKA: Kwa mtu mwenye miezi michache kuliko yangu, naona hiyo ni njia bora kuliko yangu, na nasema hivyo bila kukufurahisha. Michango inaendelea. Lakini matangazo ya Sekretarieti ya Ajira husema wazi kuwa mtumishi aliyepata sifa za kada nyingine apitishe barua yake kwa mwajiri, na mwajiri mwenye upungufu wa walimu anaweza asiharakishe kuipitisha. Isifike mahali ukachoka ukaacha tu kwenda kazini. Siku tano bila ruhusa zinatosha kukufungulia mashtaka ya utoro, na mtu aliyefukuzwa hana barua nzuri ya kuonyesha popote.

ALIYEBAKI: Yangu imekaa ofisini tangu Machi.

ALIYEONDOKA: Una nakala yenye muhuri wa kupokelewa?

ALIYEBAKI: Sina. Niliiacha mezani kwa karani.

ALIYEONDOKA: Basi Jumatatu nenda na barua mbili, moja wapokee, nyingine wakugongee muhuri na tarehe, urudi nayo. Na ukiwa hukohuko, waombe taarifa ya michango yako. Miezi mingapi?

ALIYEBAKI: Nadhani 112.

ALIYEONDOKA: Hata mimi nilikuwa nadhani.