Kilichomo Ndani ya Kifurushi
(Mhadhara kwa wanafunzi wa kompyuta, Mbeya)

Wakubwa mliopo, shikamooni. Vijana, hamjambo? Poleni na baridi. Waliotoka Dar es Salaam nawatambua kwa makoti.

Leo tunazungumzia faili zisizo na kazi ndani ya vifurushi vya programu. Sisemi vifurushi vya data, ingawa vinahusiana: faili uliyoisahau humo ndiyo inayomla mtu wa Uyole bando lake. Ni lumbesa ile ile ya magunia ya viazi, ila hapa kilichozidishwa hakiliki.

Uzito, hata hivyo, ndio tatizo dogo. Tuchukue npm, chombo cha kuchapisha na kupakua vifurushi vya JavaScript, maana wengi wenu mnaandika lugha hiyo. Ukichapisha kifurushi, npm hutafuta faili iitwayo .npmignore, yenye orodha ya visivyotakiwa kutoka. Isipoikuta, hufuata .gitignore, orodha kama hiyo ya git, chombo cha kutunza matoleo ya msimbo. Sasa kijana ana .gitignore yake safi, imeizuia .env, faili ya mipangilio yenye nywila ya hifadhidata. Siku moja anaona folda ya picha haina haja ya kwenda, anatengeneza .npmignore ya mstari mmoja: picha. Basi, .gitignore haitazamwi tena. Picha zimebaki nyumbani, nywila imekwenda sokoni.

Utasema, si nakifuta tu? Kifurushi kipya npm hukuruhusu kukiondoa ndani ya saa 72, mradi hakuna kingine kinachokitegemea. Lakini aliyekwisha kukipakua anacho. Badilisha nywila kwanza, kufuta kutafuata.

Ndiyo maana mimi siziamini orodha za vinavyokatazwa. Anayekataza lazima akumbuke kila kitu; anayeruhusu akisahau, kitu kinakosekana, na hilo utaliona mapema. Kwenye package.json, faili ya maelezo ya kifurushi, kuna sehemu ya "files": taja humo vinavyotoka. Kisha andika npm pack --dry-run, inayoonyesha vitakavyotoka bila kuchapisha, usome majina yote, hata kama yanachosha. Jina usilolijua likitokea, usichapishe.

Wa RPM, aina ya vifurushi vya Linux kama Fedora, ni wakali zaidi, na kwa hilo nawapenda. Faili ikiwekwa kwenye folda ya kukusanyia kifurushi bila kutajwa kwenye orodha, rpmbuild, chombo chao cha kujenga, hugoma. Watu hulalamika, waache walalamike. Debian, Linux nyingine, nao hawaruhusu kifurushi kuweka faili ndani ya /usr/local, kwani hapo ni pa msimamizi wa mashine.

Najua kuna atakayeuliza habari ya xz, programu ya kubana data inayotumika kwenye Linux. Machi 2024 mtengenezaji programu Andres Freund aligundua mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Sumu yenyewe ilifichwa kwenye faili za majaribio, na hapo orodha yangu isingesaidia kitu: programu ya kubana data ni halali kuwa na faili mbovu za kujipimia, nani angezikataa? Lakini hati ya kuiamsha sumu hiyo, build-to-host.m4, ilikuwamo kwenye tarball, yaani furushi la msimbo wanalopakua watu, na kwenye git haikuwamo. Tofauti za namna hiyo zilishazoeleka, kwa sababu autotools, vyombo vya kuandaa ujenzi wa programu, huongeza faili zake kwenye tarball, hivyo hakuna aliyeshtuka. Mazoea hayo ndiyo ningependa sera ziyavunje: tarball ijengwe na mashine kutoka git, na kila tofauti ielezwe.

Wenye laptop, fungueni kifurushi chenu cha mwisho tuone kilichomo. Wengine, karibuni kwa maswali.