Paka mgeni: siku 14 nyuma ya mlango

Hamjambo, karibuni. Huyu mnayemsikia akilalamika kikapuni ni paka mgeni. Mwenyeji wake, paka wa hapa nyumbani, yuko chumba cha pili, na leo hawaonani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu tunampa 14, kwa kuwa mafua ya paka na parvo yake (virusi vikali vya kutapisha na kuharisha) kwa kawaida hujitokeza ndani ya muda huo.

Mwandalie chumba chenye mlango unaofunga, hata bafu. Trei ya choo, bakuli, kitambaa cha kulalia, vyote viwe vyake peke yake. Virusi vya lukemia ya paka (saratani ya damu) hupita kwenye mate, kwa hiyo bakuli haziazimwi.

Sogea karibu uone. Nachukua chanuo chenye meno yaliyobanana, nachana kuanzia mgongoni hadi mkiani. Chembe hizi nyeusi nazidondosha kwenye karatasi nyeupe iliyolowa. Subiri kidogo… unaona wekundu unavyosambaa? Hicho ni kinyesi cha viroboto, damu aliyonyonywa. Na huku sikioni, uchafu mweusi kama unga wa kahawa ni dalili ya utitiri. Tafadhali, usimpake dawa ya viroboto ya mbwa: ikiwa na permethrini inaweza kumuua.

Kwa daktari wa mifugo, omba chanjo, dawa ya minyoo, na vipimo vya lukemia na ule unaoitwa ukimwi wa paka (haumpati binadamu). Akikuambia urudie kipimo baada ya wiki kadhaa, rudia. Maambukizi ya juzi hayaonekani leo.

Sasa, kosa langu la zamani. Mlango nilifunga vizuri, kumbe virusi nilivibeba mimi kwenye mikono na shati. Siku hizi namhudumia mwenyeji kwanza, mgeni mwisho. Shati hili kuukuu linaning'inia humo ndani: nikiingia navaa, nikitoka navua, nanawa kwa sabuni na maji mengi. Usitegemee sanitaiza, parvo ya paka haishtuki kwa spiriti, na inaweza kukaa ndani ya nyumba mwaka mzima. Sakafu na trei osha kwa sabuni kwanza, mkojo uishe kabisa, maana ukikutana na klorini hutoa hewa ya sumu. Kisha pitisha klorini ya kufulia, kipimo 1 kwa maji vipimo 32, acha dakika 10, suuza.

Kila siku mtazame: chafya, tongotongo, kuharisha, mabaka yaliyonyonyoka manyoya. Mabaka hayo yakiwa ni choa, hata wewe unaweza kuambukizwa. Dalili yoyote ikitokea, rudi kwa daktari, na hesabu ya siku ianze upya. Akigoma kula siku nzima, usingoje kesho.

Siku ya 15, akiwa mzima na majibu yako mkononi, fungua mlango kiasi cha pua mbili kunusana. Mwenyeji wangu hajangoja, tazama mguu unavyopenya pale chini.