Shahada ya Marekani kwa Gharama Nafuu: Anza na Chuo cha Mwisho

Ndugu zangu, karibuni. Wengi wenu mnafanya kazi za zamu, ghalani, kiwandani au kutunza wazee majumbani, na nyumbani mna watoto wanaowasubiri. Kwa hiyo leo sizungumzii chuo cha kijana wa miaka 18 anayelala bwenini. Nazungumzia jinsi mtu mzima anayeishi Marekani anavyoweza kupata shahada ya kwanza inayotambulika kwa kukusanya krediti, yaani vipimo vya kuhesabu masomo aliyoyamaliza, kutoka mahali pa bei nafuu, kisha kuzihamishia chuo kimoja kitakachompa cheti.

Tuanze na hesabu. Shahada ya kwanza ni krediti 120, na ile ya miaka miwili ni 60. Kozi ya kawaida ina krediti 3, hivyo shahada ni kozi 40. Chuo hakikulazimishi kuzisoma zote 40 kwake. Kinachodai ni kiasi fulani tu kisomwe hapo hapo, na kwa vyuo vingi kiasi hicho ni krediti 30. Zile 90 nyingine zinaweza kutoka nje. Angalieni pia aina ya krediti: chuo kinachogawa mwaka kwa robo kina krediti ndogo zaidi, na 90 za robo ni sawa na 60 za muhula. Watu hujisifu wana 90, wakifika chuo kipya wanaambiwa wana 60, wanadhani wameibiwa. Hawajaibiwa, ni vipimo tofauti.

Sasa sikilizeni hili, kwa sababu mengine yote yanalitegemea. Chagua chuo cha mwisho, yaani kile kitakachokupa cheti, na programu ya shahada kabla hujalipa hata senti moja ya kozi. Watu wanafanya kinyume. Anasikia kuna kozi za bei rahisi mtandaoni, anazimaliza kumi na tano, ndipo anatafuta chuo cha kuzipokea, na chuo kinachukua saba. Lipo baraza linaloitwa American Council on Education, kwa kifupi ACE, linalokagua kozi na mitihani ya nje ya vyuo na kupendekeza inastahili krediti ngapi. Neno lenyewe ni kupendekeza. Mwenye uamuzi ni chuo kinachopokea, na ndani ya chuo hicho hicho programu moja inaweza kuikubali kozi ambayo nyingine inaikataa.

Vipo vyuo vilivyozoea wanafunzi wa namna hii. Thomas Edison State University cha New Jersey, kilichoanzishwa 1972, kilijengwa kwa ajili ya watu wazima wanaohamisha krediti. Excelsior cha New York na Charter Oak cha Connecticut ni wa kundi hilo hilo. Western Governors University, kilichoanzishwa 1997 na magavana wa majimbo, kina utaratibu mwingine: unalipa ada moja kwa muhula wa miezi sita, kwenye dola 4,000 hivi kwa programu nyingi, na ndani ya muda huo unamaliza kozi nyingi kadiri uwezavyo. Ukionyesha kwamba unalijua somo, unafanya mtihani na kusonga mbele. University of Maine at Presque Isle ina programu ya mwendo wako mwenyewe inayofanana na hiyo, lakini kwa vipindi vya wiki nane.

Chuo chochote mtakachotajiwa, hakikisheni kwanza ithibati yake, yaani kutambuliwa rasmi kwamba elimu yake inafikia kiwango. Wizara ya Elimu ya Marekani ina orodha ya bure mtandaoni. Andika jina la chuo, soma ni chombo gani kimekipa ithibati na kama bado inaendelea. Kisipokuwepo kwenye orodha, ondoka, hata kama ada yake ni ndogo na tangazo lake ni zuri.

Ukishachagua, omba karatasi inayoonyesha kila sharti la shahada hiyo, kozi kwa kozi. Chora jedwali lenye mistari 40, kila mstari na sharti lake: uandishi, hisabati, sayansi yenye maabara, uchumi, na kadhalika. Pembeni andika utalijaza kwa kozi gani ya nje, kisha mtumie mshauri wa udahili kwa barua pepe umwombe akujibu kwa maandishi. Jibu la simu halitakusaidia mshauri huyo akiacha kazi. Uliza pia karatasi hiyo ni ya mwaka gani, kwa sababu mtaala hubadilika, na kwa kawaida unafungwa na mtaala wa mwaka unaojiunga na chuo, siyo wa mwaka ulioanza kukusanya krediti.

Tuje kwenye vyanzo vya krediti, na hapa sisi tuna mali ambayo wengi hatuijui. Ipo mitihani ya CLEP, ya shirika la College Board, ambayo ukipita unaweza kupewa krediti bila kusoma kozi. Ni zaidi ya 30, inayotambuliwa na vyuo zaidi ya 2,900. Ada ya mtihani mmoja haifiki dola 100, ingawa kituo cha mtihani huongeza yake kidogo. Mtihani huchukua kama saa moja na nusu, alama ni kuanzia 20 hadi 80, na kwa mingi pendekezo la kupita ni 50. Ukianguka, unasubiri miezi mitatu kabla ya kurudia. Taasisi ya Modern States inatoa masomo ya kujiandaa bure, na ukimaliza somo hukupa vocha inayolipia ada ya mtihani.

Mmojawapo ni mtihani wa Kifaransa. Wewe uliyesoma shule Kongo, Burundi au Rwanda ya zamani kwa Kifaransa, huo mtihani ni wa kwako. Ni wa kusikiliza na kusoma tu, huandiki insha. Ukipata 50, pendekezo ni krediti 6. Ukipata 59, ni 9. Hizo ni kozi tatu kwa asubuhi moja. Hata hivyo usiingie bila kujiandaa: maelekezo ni ya Kiingereza na sehemu ya kusikiliza haikusubiri. Fanya majaribio mawili matatu nyumbani kwanza.

Na Kiswahili? CLEP haina Kiswahili. Lakini upo mtihani wa mahojiano wa shirika la ACTFL unaoitwa OPI, unaofanywa kwa simu na mtahini halisi, na Kiswahili kimo. ACE hupendekeza krediti kulingana na ngazi utakayopewa. Hapa ndipo wenyewe wa lugha wanapoteleza. Mtahini anauliza, "Eleza tatizo la usafiri mjini kwako," nawe unajibu sentensi mbili, kwa adabu, unanyamaza. Hajui kama una zaidi, na anakupa ngazi ya chini. Ngazi za juu zinataka usimulie tukio tangu mwanzo hadi mwisho, utetee maoni yako kwa hoja, useme ingekuwaje kama mambo yangekuwa vingine. Zungumza kwa urefu, na usichanganye Kiingereza wala Kifaransa. Kabla ya kulipa, uliza chuo chako swali hili kwa maandishi: je, mnatoa krediti za lugha kwa mtu ambaye hiyo ni lugha yake ya nyumbani? Vingine vinatoa, vingine vinakataa kabisa.

Chanzo cha tatu ni kozi za mtandaoni za mwendo wako mwenyewe. Kampuni moja inayouza kozi hizo, Sophia, ni dola 99 kwa mwezi, na unafungua kozi mbili kwa wakati mmoja. Ukimaliza moja unafungua nyingine, bila malipo ya ziada. Kwa anayefanya kazi saa 40 kwa wiki, kozi mbili kwa mwezi ni mwendo wa kweli. Kwa miezi sita ni kozi 12, krediti 36, dola 594. Linganisha na chuo cha jamii cha umma, kile cha miaka miwili kinachoitwa community college, ambako mwaka wa krediti 30 una wastani wa kwenye dola 4,000. Kinachochelewesha watu ni kozi zenye kazi za kuandika. Maswali ya kuchagua husahihishwa papo hapo, lakini insha husomwa na mtu, na majibu huchukua siku kadhaa. Kwa hiyo usifungue kozi mbili za uandishi pamoja. Fungua moja ya insha na moja ya maswali, insha ikiwa inasahihishwa wewe unaendelea na ile nyingine. Wengine hulipa mwezi mzima wa ziada kwa kukosa mpangilio huo tu.

Chuo cha jamii nacho msikidharau. Majimbo mengi yana mkataba unaosema mwenye shahada ya miaka miwili ya kuhamia huingia chuo kikuu cha umma cha jimbo hilo na krediti zake 60 zikiwa salama. Ukihama ukiwa na 48, mkataba haukulindi, wanakagua kozi moja moja. Malizeni zile 60.

Naona mkono kule nyuma, nadhani ni kuhusu vyeti vya nyumbani. Mama, nafika hapo sasa. Graduat ya miaka mitatu ya mfumo wa zamani wa Kongo, au diploma ya Tanzania na Kenya, inaweza kukupa krediti nyingi. Hata masomo ya kidato cha sita baadhi ya vyuo huyahesabu. Kinachotakiwa ni tathmini ya kozi kwa kozi kutoka taasisi inayokubalika na chuo chako, kama World Education Services. Usilipie tathmini ya jumla, inayosema tu kwamba cheti chako ni sawa na kitu fulani. Hiyo haionyeshi krediti. Mara nyingi chuo cha nyumbani ndicho kinachotakiwa kutuma transkripti, yaani orodha ya kozi na alama zako, moja kwa moja, siyo wewe. Barua pepe hazijibiwi, kwa hiyo mtume ndugu aliyeko Bukavu au Dodoma aende ofisini na barua ya idhini yako, na fomu ya taasisi ya tathmini iliyokwisha kujazwa. Transkripti ya Kifaransa itahitaji tafsiri rasmi.

Tatizo kubwa zaidi ni jina. Kwenye karatasi za ukimbizi jina la baba limekuwa la kwanza, la tatu limeachwa, na tarehe ya kuzaliwa imewekwa 1 Januari. Diploma inasema vingine. Faili linasimama. Jisajili kila mahali, kwenye CLEP, kwenye kozi, chuoni, kwa jina lililo kwenye kitambulisho chako cha sasa, herufi kwa herufi, na uandae hati ya kiapo inayosema majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Kwenye mtihani unaosimamiwa kwa kamera, jina lisipolingana na kitambulisho hufanyi mtihani. Na mtoto akiingia chumbani katikati ya mtihani, unaweza kusimamishwa, kwa hiyo tafuteni chumba chenye mlango unaofungika.

Kuna mitego miwili ya krediti zenyewe. Wa kwanza ni kurudia: ukipita CLEP ya sosholojia ya utangulizi na ukasoma pia sosholojia ya utangulizi mtandaoni, unahesabiwa moja. Wa pili unaumiza zaidi. Shahada inataka kiasi fulani cha kozi za ngazi ya juu, zile za mwaka wa tatu na wa nne, na karibu vyanzo vyote vya bei rahisi ni vya ngazi ya chini. Unafika na krediti 90, unaambiwa 65 tu ndizo zina nafasi kwenye jedwali. Zihesabu za juu mapema, na zipangie bajeti yake, kwa kawaida ndani ya chuo chenyewe.

Hapo ndipo ruzuku ya Pell, fedha za serikali ya Marekani kwa mwanafunzi mwenye kipato kidogo, inapofaa. Mwenye grini kadi anaweza kuiomba kwa fomu ya FAFSA, na kiwango cha juu kwa mwaka 2025/26 ni dola 7,395. Hailipii Sophia wala CLEP. Inalipia chuo ulichosajiliwa. Ina ukomo wa miaka sita ya maisha yako, kwa hiyo usiimalize kwenye kozi ambazo ungezipata kwa dola 99. Na ukiacha masomo kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya fedha inarudishwa serikalini, na chuo hukudai wewe pengo linalobaki. Zamu zikibadilika kazini, zungumza na ofisi ya fedha kabla hujajitoa.

Wanaotaka uuguzi, uhandisi, ualimu au udaktari, njia hii muitumie kwa tahadhari kubwa. Programu hizo mara nyingi hukataa sayansi isiyo na maabara halisi, na nyingine hazitaki sayansi iliyosomwa zaidi ya miaka mitano au saba iliyopita. Biashara, kompyuta, saikolojia na masomo ya jumla ndiyo yanayofaa zaidi.

Kwa wenye ndugu Dar es Salaam au Nairobi wanaouliza kama watapata viza kwa njia hii: hapana. Mwanafunzi wa viza ya F-1 lazima asome muda wote, na kila muhula ni kozi moja tu ya mtandaoni, isiyozidi krediti 3, inayohesabiwa kwenye mzigo huo.

Na anayetaka kurudi na shahada yake Tanzania, Tume ya Vyuo Vikuu ndiyo inayotambua na kulinganisha tuzo za nje. Iandikieni kabla ya kuanza, mkitaja jina la chuo, ithibati yake, na kwamba sehemu ya krediti ni za kuhamisha. Jibu lao liwekeni pamoja na transkripti ya kila chanzo, ya CLEP, ya ACE, ya chuo cha jamii, na siyo ile ya chuo cha mwisho peke yake.