Kutafuta Kilichofukiwa: Rada Shambani Tukuyu, Sona Ziwani Masoko

Ndugu watazamaji, katika video hii tunaonyesha namna ya kukagua eneo ambalo wapelelezi wana sababu ya kuamini kwamba mtu amefukiwa au ushahidi umetupwa, kabla jembe halijagusa ardhi. Shamba mnaloliona liko nje kidogo ya Tukuyu, wilayani Rungwe, na shimo tutakalolipima tumelichimba na kulifukia wenyewe kwa ajili ya mafunzo.

Fahamuni tangu mwanzo kwamba rada, kifaa kinachopeleka mawimbi ya redio ardhini na kupokea yanayorudi, haionyeshi mwili. Inaonyesha udongo uliovurugwa. Udongo ukishachimbwa hata ukirudishwa wote haukai tena ulivyokuwa, kwa sababu tabaka huchanganyika na maji hupenya kwa namna nyingine. Hapa Rungwe hali hiyo inatusaidia sana, maana chini ya udongo mweusi kuna tabaka la pamisi, yale mawe mepesi yenye vitundu yaliyorushwa na volkano, na tabaka hilo likishakatwa haliungani tena.

Anzeni kwa kutembea asubuhi au jioni, jua likiwa chini, ili kivuli kiwaonyeshe palipobonyea na palipoota majani yasiyofanana na ya jirani. Pigeni picha, kisha wekeni vigingi na kamba, mstari hadi mstari nusu mita.

Hatua inayofuata, kupima kasi ya wimbi la rada katika udongo wa hapo, ndiyo ninayowasihi msiiruke kamwe, hata kama familia imesimama kando ikisubiri kwa uchungu na kila mtu anataka kazi ianze. Sogeeni pembeni, mahali ambapo hapana shaka yoyote, mchimbe handaki fupi na kupigilia nondo kwa mlalo katika ukuta wake, sentimita 50 chini ya uso wa ardhi. Vuteni antena ya megahezi 400 juu yake, mkiikata nondo kwa pembe mraba. Tazameni skrini: nondo inatokea kama upinde, na kilele chake kinasomeka nanosekunde 14 (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde). Wimbi limekwenda na kurudi, yaani mita moja kwa nanosekunde 14, ambayo ni takriban sentimita 7 kwa kila nanosekunde. Sasa kina chochote mtakachotaja kitakuwa na msingi, hata mbele ya hakimu.

Vuteni antena kwa mwendo wa polepole usiobadilika, mstari baada ya mstari. Hapa, kwenye mstari wa nne, tabaka la pamisi linakatika ghafla na kuanza tena mbele kidogo. Mstari wa tano unaonyesha hivyo hivyo, na wa sita pia. Upinde mmoja ulio peke yake mara nyingi ni jiwe, na mzizi wa mparachichi mnaweza kuufuata hadi kwenye shina lake.

Katika udongo mzito wa mfinyanzi, kama ule wa mbuga za Usangu, mawimbi ya rada hufifia upesi, hivyo tumieni kipimo cha ukinzani wa umeme. Magnetomita, kifaa cha kupima nguvu ya sumaku, hugundua hasa vitu vya chuma, na mawe ya volkano huivuruga.

Sasa tuko Ziwa Masoko, ambalo wengine huliita Kisiba. Ni ziwa la kreta, kwa hiyo kingo zake hushuka kwa kasi, na mzamiaji asiye na ramani anahatarisha maisha yake. Mashua iende taratibu ikivuta sona ya pembeni, chombo kinachotuma sauti majini pande zote mbili na kuchora sakafu kwa mwangwi wake, na njia zake zipishane ili kila sehemu ya sakafu ionekane mara mbili. Someni kivuli, yaani sehemu ya nyuma ya kitu ambako sauti haikufika, kabla ya kitu chenyewe. Sona ikiwa mita 3 juu ya sakafu, kivuli kikiwa na urefu wa mita 2, na ncha yake ya mbali ikiwa mita 12 kutoka chini ya sona, zidisheni 2 kwa 3, mgawanye kwa 12: kitu kimeinuka nusu mita. Gogo hutoa kivuli chembamba kilichonyooka. Pitieni tena kutoka upande mwingine kabla ya kumshusha mzamiaji.

Kila alama ipewe namba, mahali pake na kiwango cha uhakika wenu, kisha mkabidhi orodha kwa mpelelezi. Uchimbaji wenyewe huanza baada ya amri ya mahakama, kwa mwiko wa mwashi badala ya jembe, tabaka moja baada ya jingine, na udongo wote uchekechwe. Mahali mlipopima msikute kitu paandikwe pia, pamoja na kina ambacho rada ilifikia.