Dakika ya Ngapi? Mhadhara kwa Wachezaji wa Gemu za Mashindano

Ndugu wachezaji, asanteni kwa kunipa nafasi. Mwenyekiti amenitambulisha kama mtaalamu wa mijadala. Amenipamba. Mimi ni admini wa kundi la wachezaji wa Dota 2, na haya ninayoyajua nimeyapata kwa kuzima moto usiku na mchana, kufuta meseji mpaka kidole gumba kinauma.

Nianze na meseji moja. Iliingia usiku, dakika chache baada ya mechi kwisha: "Tumepoteza kwa sababu ya yule mchovu wa njia ya juu. Atolewe timuni." Robo saa haikupita, kundi likawaka. Mmoja anasema gemu yenyewe ndiyo mbovu, toleo jipya limempa shujaa fulani, yaani mhusika mmoja wa gemu, nguvu kupita kiasi. Mwingine anasema ni lagi, mtandao ulichelewa. Wa tatu anataja daraja lake, eti humo ndani hakuna wa kumfikia, kwa hiyo akisema yeye mjadala umefungwa. Mtuhumiwa naye akajibu kwa matusi, angejibuje? Nilipozisoma meseji zile kesho yake, sikukuta hata moja inayoeleza kilichotokea kwenye mechi.

Kisha mtu mmoja mkimya, daraja lake la kawaida tu, akaandika maneno matatu: "Dakika ya ngapi?"

Pakawa kimya. Baadaye mtu akajibu: 34.

Wale msiocheza Dota 2 mnivumilie kidogo. Timu mbili, watu watano kila upande, ramani yenye njia tatu, na sehemu kubwa ya ramani hiyo imefunikwa na giza mpaka uwe na kitu cha kukuonesha. Kitu hicho huitwa wodi, jicho unalolipanda ardhini, nalo hudumu dakika 6 tu. Pangoni kuna jitu liitwalo Roshan. Timu inayomuua hupata Aegis, na aliyeishika akiuawa ndani ya dakika 5 anafufuka palepale. Mechi nyingi huamuliwa hapo. Na jambo la muhimu kuliko yote kwa mazungumzo yetu ya leo: rekodi ya mechi inaweza kufunguliwa upya, na ukaitazama kwa namna mbili. Unaweza kuona ramani nzima, au ukaona kile tu ambacho timu moja ilikuwa inakiona wakati ule.

Tukafungua rekodi. Ukitazama ramani nzima, yule kijana wetu anaonekana hamnazo kabisa. Wapinzani wote watano wamejazana pangoni wanamshambulia Roshan, yeye yuko njia ya juu anakusanya dhahabu kwa raha zake. Tukabadilisha mtazamo, tukaona alichokuwa anakiona yeye. Giza. Wodi ya mwisho karibu na pango ilikuwa imekwisha muda wake na hakuna aliyepanda nyingine. Hakuona kitu kwa sababu hakuoneshwa kitu. Sasa, kwenye timu ile, kazi ya kupanda wodi ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya yule aliyeandika meseji ya kwanza, ya "atolewe timuni". Naye ndiye huyu mnayemsikiliza. Nyani haoni kundule.

Lakini hatukuishia kumbadilisha mtuhumiwa, na hapo ndipo nilipopata somo. Mtu akasema: sawa, giza lilikuwepo, ila kwa sekunde kama 20 hakuna mpinzani hata mmoja aliyeonekana popote. Watano wote wakipotea kwa pamoja, kule kupotea kwenyewe ni taarifa. Angerudi nyuma. Mwingine akapinga: arudi vipi wakati njia ya juu ilikuwa ndiyo inayobana ngome yao? Tulibishana karibu saa nzima, kwa ukali, na hakuna aliyetukanwa. Kulikuwa na kitu kimoja mbele ya macho yetu sote, na kila mwenye hoja alilazimika kukinyooshea kidole.

Kabla ya usiku ule nilidhani ugonjwa wetu ni ukosefu wa adabu. Tulikuwa na kanuni ndefu: usitukane, usibeze, usimwite mwenzako mchovu. Zilisaidia kidogo. Matusi yalipungua, watu wakaanza kusema upuuzi kwa heshima.

Wapo waliojaribu njia ya adhabu kwa mapana zaidi. Mwaka 2011 kampuni ya Riot Games, wenye gemu ya League of Legends, walianzisha kitu kilichoitwa Tribunal, mahakama ya wachezaji kwa wachezaji. Ulikuwa unapewa kesi ya mtu aliyeripotiwa, unasoma meseji alizoandika ndani ya mechi, unapiga kura aadhibiwe au asamehewe. Mwaka 2014 ikafungwa. Mimi wazo lile nililipenda, na bado nalipenda kwa sehemu, kwa sababu liliwapa wachezaji ushahidi wa kusoma badala ya tetesi. Ila mahakama humkuta mtu ameshaharibu. Haimfundishi aliyepoteza mechi aseme nini badala ya tusi.

Kwa hilo waliotutangulia ni wacheza sataranji. Mchezo ukiisha, mara nyingi wale wapinzani wawili hubaki palepale mezani, wanarudisha kete kwenye nafasi ya utata na kuulizana: hapa uliogopa nini? Aliyeshinda anakiri hakuiona hatua fulani. Aliyeshindwa anaonesha alichokuwa anakipanga. Ni watu walewale waliokuwa wanatafutana roho dakika tano zilizopita.

Niguse suala la daraja, maana ndilo silaha ya wengi. Upimaji wa viwango vya wachezaji kwa pointi una deni kubwa kwa Arpad Elo, profesa wa fizikia aliyecheza sataranji. Mfumo wake ulipitishwa na shirikisho la sataranji la Marekani mwaka 1960, na FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, wakaufuata mwaka 1970. Kwa hesabu ya Elo, mchezaji anayemzidi mwenzake kwa pointi 200 hutarajiwa kupata kama asilimia 76 ya pointi za michezo yao. Zile 24 zilizobaki ni za yule wa chini. Kama wa chini anaweza kukunyang'anya ubaoni karibu robo ya pointi, mbona kwenye mjadala hutaki awe sahihi hata mara moja? Daraja lako linanifanya nikusikilize kwanza. Baada ya hapo nataka hoja.

Halafu kuna takwimu za mfukoni. "Nimecheza mechi 10 na shujaa huyu, nimeshinda 7, huyu kazidi nguvu." Chukueni sarafu, irusheni mara 10. Uwezekano wa kupata upande mnaoutaka mara 7 au zaidi ni kama asilimia 17, yaani zaidi ya mara moja katika kila majaribio 6. Sarafu haijazidi nguvu. Hata mechi 100 zinaacha shaka ya asilimia 10 hivi juu na chini. Ukitaka kutofautisha kwa uhakika wa kuridhisha ushindi wa asilimia 52 na wa 50, unahitaji mechi zipatazo 2,400. Nani kati yenu anazo na shujaa mmoja, kwenye toleo moja la gemu? Basi mechi zako 10 tuletee kama kisa. Kisa ni kitu kizuri, tunakifungua na kukichambua. Kukigeuza sheria ndiko kunakoleta ugomvi.

Wachezaji wa mashindano wa Pokémon, gemu ya kupambanisha viumbe, wamefika mbali zaidi kwenye hili. Jamii yao iitwayo Smogon, wanapobishana kama Pokémon fulani apigwe marufuku, hawamwachii kila mwenye mdomo akaamua. Anayetaka kura sharti kwanza aingie uwanjani, acheze wakati suala linajaribiwa, afikie kiwango kilichowekwa. Na marufuku kwa kawaida huhitaji asilimia 60 ya kura, wingi mdogo hautoshi. Kuna wanaouona ni utaratibu wa kibwanyenye. Mimi naona ni haki: umekula mchezo wenyewe, sema ladha yake.

Kwetu tumefanya jambo dogo kuliko hilo. Mtu akitaka mechi yake ijadiliwe, anataja dakika, anasema alichokuwa anakiona na alichotaka kukifanya. Swali la "nifanyeje nipande daraja?" tunalirudisha kwa upole, kwa sababu hata kocha bora duniani hana pa kulishika. "Dakika ya 12 nilikimbia au nilipaswa kubaki?" linapata majibu kumi. Utani tumeutengea chumba chake, utanieni huko mpaka asubuhi. Na mwenye hasira za kupoteza haandiki usiku huohuo. Hii ya mwisho niliitunga kwa ajili yangu.

Pale ambapo bado tunachechemea ni kwenye sauti, wakati mechi inaendelea. Pale hakuna rekodi ya kufungua, umeuawa, una sekunde kadhaa za kusubiri ufufuke na kipaza sauti kiko wazi. Tumejaribu kukubaliana kwamba aliyekufa aseme tu anachokiona: wako wangapi, wanaelekea wapi. Wiki iliyopita nilikufa vibaya dakika ya 20, nikavuta pumzi kumlaumu mtu, yule kijana wa njia ya juu akaniwahi: "Kaka, wako wangapi?" Nikahesabu. Walikuwa watatu, wanashuka mtoni.

Naona mikono imenyooshwa. Tuanze na dada wa pale nyuma.