Injini Iliyoandikwa na Injini Iliyomo

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Nimeambiwa wengi wenu ndiyo kwanza mmenunua gari la porini la zamani, na swali linalowasumbua ni moja: nitajuaje hii ni injini gani? Si swali la kuonea haya. Gari lenye miaka 50 au 60 limepita mikononi mwa wenyewe wengi, na kila mmoja alikuwa na fundi wake. Injini ya kwanza ilipochoka ilitafutwa nyingine, na iliyoingia iliingia kwa sababu ilipatikana.

Mimi nililipia ujinga wangu. Kadi ya Land Rover yangu ya kwanza ilisema petroli, cc 2286, yaani ukubwa wa injini. Nikanunua gasketi za injini hiyo, seti nzima, nikafungua silinda hedi, kile kichwa cha injini, nikailaza gasketi juu ya bloku, mwili wenyewe wa injini. Matundu yalikataa kukutana. Ilikuwa ile injini kongwe ya cc 1997. Gasketi zile bado ninazo, zimetundikwa ukutani, na wageni hudhani ni mapambo.

Kilichoniuma ni kwamba ningeweza kuitambua bila kushika spana. Fuateni bomba la moshi kinyumenyume, kutoka nyuma ya gari hadi linapoanzia. Likianzia kwenye silinda hedi, vali za kutolea moshi ziko juu. Likianzia kwenye bloku yenyewe, vali hizo ziko ubavuni. Land Rover ilipozinduliwa mwaka 1948 ilikuwa na injini ya lita 1.6 ya mtindo huu wa nusu kwa nusu: vali za kuingizia juu, za kutolea moshi ubavuni. Ile ya cc 1997 ni mdogo wake. Injini ya cc 2286, iliyoanza mwaka 1958, ina vali zote juu, na eksosi yake imefungwa kwenye silinda hedi. Macho mawili na tochi, basi.

Wenye Jeep za Willys wana kisa kinachofanana na hicho, tena kizuri zaidi. Jeep ya vita, ile MB, ina injini ya inchi za ujazo 134, yaani lita 2.2, vali zote ubavuni. Silinda hedi yake ni kama kifuniko cha sufuria tu, bapa, plagi zimesimama juu yake. Baadaye walihamishia vali za kuingizia juu, ukubwa ukabaki 134 ileile. Injini ikarefuka kwenda juu, ikakosa pa kukaa. Ndiyo maana CJ-3B ya mwaka 1953 ina boneti iliyoinuka ile ambayo watu huicheka. Kwa hiyo anayewaambia "ni ile ya 134" hajawaambia kitu. Mwulizeni kabureta imekaa wapi, juu ya silinda hedi au ubavuni, maana hufuata vali za kuingizia.

Sasa maandishi. Kibao cha chesisi, kadi ya gari, nembo ya ubavuni: vyote vinasimulia siku gari lilipotoka kiwandani, au siku mtu alipojaza fomu. Toyota walirahisisha mambo, maana katika Land Cruiser za zamani herufi ya kwanza ya modeli ndiyo jina la injini. FJ40 ni injini F, petroli ya silinda sita, lita 3.9. BJ40, iliyokuja mwaka 1974, ni injini B, dizeli ya silinda nne, lita 3.0. HJ ni H, dizeli ya silinda sita. Raha iliyoje! Lakini babu wa ukoo huo, wa mwaka 1951, naye aliitwa BJ, na B yake ilikuwa petroli ya silinda sita. Herufi ileile, kampuni ileile, injini mbili zisizojuana. Kisha mwaka 1975 ikaja 2F ya lita 4.2, gari likaendelea kuitwa FJ40 kama kwamba hakuna kilichotokea.

Tuinamie bloku basi. Hapo kuna namba za aina mbili, na watu huzichanganya kila siku. Zilizoinuka zilitoka kwenye kalibu chuma kilipomiminwa. Hizo ni namba za kipande, na kipande kimoja huweza kutumika kwenye injini kadhaa. Zilizozama ziligongwa baadaye, injini ilipokamilika, juu ya sehemu ndogo iliyosawazishwa. Hizo ndizo namba za injini. Ukimpigia muuza spea ukamsomea zile zilizoinuka, atakuletea kitu, na si lazima kiwe chako.

Zinapatikana wapi? Kwenye Land Rover ya cc 2286, tazameni upande wa kushoto wa bloku kuelekea mbele, jirani na eksosi. Kwenye Jeep ya vita, mbele kulia, nyuma ya pampu ya maji. Zitakuwa zimezikwa chini ya grisi na rangi. Tumieni mafuta ya taa, brashi ya waya laini, na subira. Mkishasafisha, pakeni chaki kisha mfute kwa kidole: unga utabaki ndani ya namba zilizozama. Tochi imulike kutoka pembeni, si moja kwa moja, ili kila herufi itupe kivuli. Na tafadhali, jiwe la kusagia likae mbali. Sehemu ya namba yenye mikwaruzo ya kusagwa humfanya mkaguzi yeyote aulize maswali, na atakuwa na haki.

Petroli na dizeli? Wengi wenu mmeshajua: waya nene za plagi na distributa ni petroli, vibomba vya chuma kutoka pampu hadi kwenye nozeli ni dizeli. Sipotezi muda hapo. Niseme tu kwamba kwenye Land Rover ya cc 2286 pampu ya dizeli imekaa upande uleule ambao petroli ina distributa, kwa kuwa hao ni ndugu wa tumbo moja, kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni, yaani umbali inaopanda na kushuka, sawasawa.

Kuna wakati namba imelika na injini mbili zinafanana kama mapacha. Hapo chuma kinapimwa. Ile ya cc 2286 ina kipenyo cha silinda cha milimita 90.47 na mwendo wa pistoni wa 88.9. Iliyoirithi, ya cc 2495, ina kipenyo kilekile, 90.47! Ukipima kipenyo peke yake utarudi ulikotoka. Tofauti iko kwenye mwendo, milimita 97. Msiupime kwa kuchomeka fimbo kwenye tundu la plagi, kwa sababu kwenye petroli hizi plagi zimelala kiubavu na fimbo itadanganya. Subirini siku silinda hedi inavuliwa, mshushe pistoni hadi chini kabisa, mpime kina. Mkikuta kipenyo kimezidi kidogo, msishangae: silinda huchongwa na kutiwa pistoni kubwa. Kipenyo kikiongezwa kwa sehemu 40 za elfu moja za inchi, ile ya 2286 inakaribia cc 2340.

Halafu kuna injini za ukoo mwingine kabisa. Dalili zake ni mikono inayoshikilia injini iliyokatwa na kuchomelewa upya, feni isiyolingana na katikati ya radieta, na bamba nene la chuma kati ya injini na giaboksi. Injini za dizeli za Perkins zilipachikwa kwenye Land Rover nyingi, na jina la kila moja linajieleza: 4.203 ni silinda nne, inchi za ujazo 203, kama lita 3.3. Mkikuta V8, yaani silinda nane zilizopangwa kama herufi V, tieni sumaku kwenye bloku. Ya Rover, kampuni iliyounda Land Rover, ni ya aluminiamu, sumaku haitashika. Ikishika, mnayo V8 ya mtu mwingine.

Nimesema vya kutosha. Gari liko uani, boneti iko wazi, na namba yake sijaisafisha makusudi. Brashi ninazo mbili. Aliyevaa shati jeupe ashike tochi.