Daftari la Skuli Si Karatasi ya Kufungia Bajia

Mhadhara uliotolewa mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi wa zamani wa skuli moja ya sekondari, Chake Chake, Pemba

Assalaam alaykum. Wazee wangu, walimu wenzangu, na nyinyi wanangu mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, ahsanteni kwa kuniita. Barua ya mwaliko inasema nizungumzie historia ya skuli hii tangu kuanzishwa kwake hadi leo. Niseme mapema kwamba sitoweza, na humu ukumbini hakuna atakayeweza. Historia ipo, ila hatukuiweka. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili harusini, maizikoni na katika vikao vya kamati ya skuli, na baadhi yenu mnapishana na mimi njiani mkijua nitalianza tena. Nitalianza tena.

Mwanzo mnaujua, siurudii: skuli za serikali za mwanzoni mwa karne ya 20, wazee waliozikimbia kwa hofu kwamba watoto wao watabadilishwa dini, na hali ilivyogeuka pale Kurani ilipoingizwa darasani, na mwalimu wa chuo cha Kurani akapata nafasi yake ndani ya skuli. Hayo yanafundishwa. Mimi naanzia pale panaporukwa.

Kabla ya Mapinduzi ya 1964, Pemba haikuwa na skuli ya sekondari. Naona vijana mnatazamana. Haikuwa nayo. Skuli za watoto zilikuwepo Chake, Wete, Mkoani na vijijini, lakini aliyefaulu na kutaka kuendelea alifunga sanduku lake akapanda meli. Sekondari zote zilikuwa mjini Unguja. Ile ya serikali ya wavulana ilianzishwa katika miaka ya 1930, baadaye ikapewa jina la Mfalme George wa Sita, na baada ya Mapinduzi ikaitwa Lumumba. Kwa hiyo mtoto wa Kipemba akitaka kusoma hesabu za juu ilimbidi avuke bahari. Na si kila mzazi alikuwa na uwezo wa kumvusha. Si kila mzazi alikuwa tayari hata kama uwezo anao, kwa sababu mtoto wa miaka kumi na nne, mwenye nguvu za kupanda mkarafuu, ukimtoa nyumbani umetoa mkono mmoja wa shamba.

Nichukue watu wawili mnaowajua nyote. Maalim Seif Sharif Hamad, Mungu amrehemu, alizaliwa Mtambwe mwaka 1943. Alisoma Uondwe, akasoma Wete, kisha akavuka kwenda King George. Alipomaliza akawa mwalimu, akafundisha Lumumba, na akafundisha hapa hapa Pemba, skuli ya sekondari ya Fidel Castro. Baadaye, mwaka 1977, akawa Waziri wa Elimu wa Zanzibar. Wa pili ni Dk. Ali Mohamed Shein, mzaliwa wa Chokocho, mwaka 1948. Alisoma Gombani, kisha naye akavuka, na skuli aliyoikuta ilikuwa imeshaitwa Lumumba. Skuli moja, mmoja kaisoma kwa jina la mfalme, mwengine kwa jina la mpigania uhuru wa Kongo. Mwaka 2010 mmoja akawa Rais wa Zanzibar na mwenziwe Makamu wa Kwanza wa Rais. Sitaki siasa hapa, kwa hiyo msinipigie makofi upande huu wala ule. Ninachokitaka ni hiki: hawa wawili tunajua walikosoma kwa sababu walikuja kuwa wakubwa. Aliyekaa nao dawati moja ni nani? Aliyepanda nao meli, akatapika njia nzima, akafika, akasoma mwaka mmoja, baba akafariki, akarudi kuchuma karafuu, huyo ameandikwa wapi?

Ameandikwa. Hapo ndipo ninapokasirika. Ameandikwa katika daftari la skuli, kwa wino, na mwalimu wake. Na daftari lile tumeliua wenyewe.

Nitawaeleza, na waliokwishalisikia wanistahamilie, kwa sababu leo nataka kulieleza kwa ukamilifu. Niliwahi kununua bajia kwa bibi mmoja, jina lake na pahala pake viacheni. Akanifungia kwenye karatasi. Nimekula bajia ya kwanza, ya pili, naiangalia karatasi, naona mistari ya kalamu. Nikaikunjua. Ukurasa wa daftari la mahudhurio la skuli, ambayo nayo siitaji. Nikamuuliza, bibi, karatasi hizi umepata wapi? Akaniambia, mwanangu, waliposafisha stoo walizitupa nje, mjukuu wangu akaniletea. Bibi hana kosa. Alikuta takataka akaipa kazi.

Sasa sikilizeni kilichokuwemo. Upande wa kushoto majina matatu matatu: la mtoto, la baba, la babu. Kando yake kijiji anachotoka: Wawi, Ole, Vitongoji, Pujini, Ndagoni. Kisha vyumba vya siku za mwezi, alama ya vema kwa aliyekuja na sifuri kwa asiyekuja. Mwezi ni Agosti. Mwaka ulikuwa juu pembeni, na pembe ile ilikuwa imeroa mafuta, haisomeki. Wiki ya kwanza alama za vema zimejaa ukurasa mzima. Wiki ya pili sifuri zinaanza, moja moja. Wiki ya tatu darasa zima limekwenda, wamebaki watoto wachache sana, na mwalimu kwa wino mwekundu ameandika pembeni neno moja kutoka juu hadi chini: karafuu, karafuu, karafuu. Kwa mtoto mmoja akaandika: karafuu, na mama mgonjwa.

Mwalimu yule hakuandika mtoro. Mtu wa ofisini angeandika mtoro. Yeye alijua kuwa mwezi ule mtoto yuko juu ya mti tangu asubuhi na jioni yuko uani anachambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, na kwamba pishi anazochuma ndizo zitakazonunua sare ya Januari. Skuli za kisiwa hiki zilipangika kwa mkarafuu. Mnakumbuka historia, kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja kikaiacha ya Pemba, na tangu hapo sisi ndio tuliokuwa shamba la karafuu. Atakayeandika historia ya sekondari Pemba bila ya kuandika karafuu ameandika historia ya majengo.

Sijamaliza ukurasa wangu. Katika orodha ile kulikuwa na mtoto mmoja wa Ndagoni. Yeye wiki ya tatu yupo, wenzake wengi wako mikarafuuni. Nikasema, huyu hodari. Kisha nikaona naye ana sifuri, lakini zimekaa vyengine: siku tatu nne katika wiki ya pili, kisha yupo, kisha siku tatu nne nyengine baada ya wiki mbili. Nikaitazama sana. Wazee wa pwani hapa mbele naona mmeshacheka, mmeshajua. Bamvua! Maji yakitoka sana, mwamba uko wazi, mtoto yuko pweza na baba yake. Bamvua likipita anarudi darasani. Ndani ya ukurasa wa bajia kulikuwa na mwezi unaandama na mwezi unapevuka, na mtoto anayesoma kati ya maji na maji.

Niambieni ni kitabu gani cha historia ya Zanzibar kitakachonipa hilo.

Najua atasimama mtu aniambie, mwalimu, unahangaika bure, Unguja kuna Nyaraka, ile hifadhi ya nyaraka za taifa pale Kilimani, kila kitu kimehifadhiwa. Nawaheshimu watu wa Nyaraka. Lakini Kilimani utapata ripoti ya Idara ya Elimu: skuli kadhaa, walimu kadhaa, wanafunzi kadhaa, mahudhurio asilimia kadhaa. Mtoto wa Ndagoni ndani ya asilimia ile huwezi kumtoa. Ripoti ilipanda juu, daftari likabaki skuli, na kilichobaki skuli ndicho tulichokitupa.

Atasimama wa pili, huyu atasema kwa sauti ya chini, kwamba mambo haya yanagusa 1964, bora tuyaache. Bwana, kila nyumba humu ina lake kuhusu 1964, yangu pia. Lakini ukiogopa kuandika historia ya skuli kwa sababu hiyo utawafundisha nini hawa watoto? Kabla ya hapo skuli ziligawika: kuna za serikali, kuna za misheni, kuna za jumuiya za Kihindi, na hata serikali yenyewe ilipofungua skuli ya wasichana mwaka 1927 iliiita skuli ya wasichana wa Kiarabu. Serikali ya Mapinduzi ikazichukua zote, na tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Karume akatangaza elimu bila ya malipo. Siku ile tunaiadhimisha kila mwaka kwa gwaride na bendera. Vizuri. Lakini muulize mwanafunzi anayepita mbele ya jukwaa: darasa la bibi yako liliongezeka watoto wangapi baada ya tangazo lile? Walimu gani waliondoka nchini wakaacha madarasa hayana mtu? Nani aliyesimama ubaoni badala yao? Wapo vijana waliomaliza sekondari Juni wakawa walimu Julai. Wapo waliofundishwa na walimu kutoka Ujerumani ya Mashariki. Wengine wamo humu, wamevaa kofia zao, wamekaa kimya. Mzee wangu hapo safu ya pili, wewe mmoja wao, na sijamwona mtu kukujia na kalamu kukuuliza. Daftari la mahudhurio halina upande. Linasema nani alikuja na nani hakuja.

Wa tatu atasema hakuna fedha. Huyu simjibu. Kabati la chuma mnalo, dawa ya mchwa mnanunua kila mwaka kwa ajili ya milango, na kila kijana humu ana simu ya kupigia picha.

Naona Mwalimu Mkuu ananionyesha saa. Nimekula muda mwingi kwa ukurasa mmoja, na sijutii, lakini yaliyobaki itabidi niyapitie mbio mbio.

Dahalia, yaani bweni. Ilipokuja skuli ya Fidel Castro hapa Pemba, mtoto wa Micheweni na mtoto wa Mkoani walilala chumba kimoja bila ya kuvuka bahari. Tumeongea sana juu ya madarasa, hatukuongea juu ya jikoni. Wapishi wa dahalia wanajua zaidi kuliko wakaguzi: mwaka gani unga ulikosekana, mwaka gani wanafunzi waligoma, nani alikuwa hali chakula na kwa nini. Wapishi wale wengi wameshatangulia. Waliobaki wafuatwe mwezi huu.

Majina ya skuli. Lumumba, Ben Bella, Haile Selassie, Fidel Castro. Nimeuliza wanafunzi wa skuli hizo, wapo wasiojua Ben Bella alikuwa Rais wa kwanza wa Algeria. Ubao mdogo mlangoni unatosha.

Wasichana. Hili lilistahiki mhadhara mzima na nitauomba, lakini ukweli ni kwamba nimezungumza leo kama vile skuli ilikuwa ya wavulana tu, kwa sababu karatasi nilizonazo ni za wavulana. Kina mama mliosoma katika miaka ya sitini na sabini, nyinyi mkiwa wa mwanzo kwenye familia zenu kufika sekondari, vitambulisho vyenu, picha zenu za kumaliza skuli, barua za kuitwa dahalia, viko chini ya magodoro na ndani ya masanduku. Msivichome mkihama nyumba. Nawaomba kama ndugu yenu.

Sasa kazi. Nimeshakubaliana na Mwalimu Mkuu mambo matatu na nayasema hadharani ili yasigeuzwe. Kwanza, hakuna karatasi yoyote ya kabla ya mwaka 2000 itakayotolewa stoo bila ya mwalimu wa historia kuiangalia. Pili, wanafunzi wa kidato cha tatu wagawiwe vijiji, wawili wawili, waende kwa wazee waliosoma au kufanya kazi hapa. Wasiende na masuala ya mtihani. Waulize: ulikuja skuli kwa njia gani, ulikula nini, nani alikulipia, uliacha kwa nini. Warikodi kwa simu, na wakirudi waandike kwa mkono vile vile, kwa sababu simu hupotea. Wazee wakiongea Kipemba, waandike Kipemba hicho hicho, wasikisafishe. Tatu, daftari zilizobaki zipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, nakala moja ibaki hapa, moja ipelekwe Nyaraka Unguja, moja ikae kwa kamati ya wazazi.

Ukurasa wangu ninao, uko ndani ya nailoni, na alama ya mafuta ipo. Nimekuja nao. Nitauacha mezani, mpite muutazame, khasa watu wa Ndagoni, kwa sababu jina la mtoto yule linasomeka vizuri na huenda mmoja wenu ni mjukuu wake. Mwenye swali anyooshe mkono, tuanze na wazee.